Deni la Nyumba na Haki ya Jiko

Watu huusifu uwekevu kana kwamba ni sifa moja, lakini ukiuchungua utaona ni sifa mbili zilizovaa kanzu moja. Uko uwekevu wa mtu ajinyimaye mwenyewe, na uko uwekevu wa mtu awanyimaye wengine. Kwa macho hautofautiani, maana shilingi iliyobaki haina alama ya kumwonyesha mtu aliyeikosa. Mtu aliyeacha sigara zake na mtu aliyepunguza maziwa ya mtoto wake huenda benki siku moja, wakasimama katika mstari mmoja, wakapokewa kwa heshima moja. Nia ya insha hii ni kuzitenga sifa hizi mbili, na kwa kuwa maadili hayapimiki hewani, nitazipima juu ya jambo moja linalojulikana: mtu aliyekopa fedha kwa ajili ya nyumba, naye akaazimia kulimaliza deni lake kabla ya miaka ya mkataba kwa kubana matumizi ya kila siku nyumbani mwake. Kila mtu humsifu. Mimi nauliza kama sifa hiyo ni yake, na kama ni yake, je, ni yake peke yake?

Yamkini msomaji atasema kuwa swali hili ni la wachache. Kwa hesabu ni kweli. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Tanzania watu 61,741,120, na wenye mikopo ya nyumba katika mabenki ya nchi hiyo ni maelfu machache tu. Sheria mahsusi ya mikopo hiyo ilitungwa mwaka 2008, na kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo, yaani TMRC, iliundwa mwaka 2010. Kwa hiyo jambo lenyewe ni changa. Watu wengi hawakopi nyumba, huijenga. Huanza na kiwanja, kisha msingi, kisha kuta, na kila hatua hungoja mshahara au mavuno. Mtu apitaye Kimara, Mbezi au Kigamboni huona kuta zisizo na paa, nondo zilizoota kutu, na nyasi zilizomea ndani ya sebule ambayo bado haijakaliwa na mtu. Hiyo nayo ni akiba. Ni akiba iliyogeuzwa tofali ili isiweze kutumika. Ajengaye hivyo hujinyima kwanza akakaa baadaye, na akopaye hukaa kwanza akajinyima baadaye. Mmoja hulipa kodi ya pango huku anajenga. Wa pili hulipa riba huku analala ndani. Tofauti yao kubwa ni kwamba ajengaye akipungukiwa mwezi huu humpumzisha fundi, wala tofali halimdai; akopaye hana ruhusa ya kupumzika. Hivyo mkopo huonyesha wazi jambo ambalo katika ujenzi wa polepole hufichika, nalo ni nani hasa anayeilipia nyumba.

Kwanza yatupasa kuelewa kwa nini haraka ya kulipa huwavuta watu, nasi hatuwezi kuelewa bila ya hesabu. Tuseme mtu amekopa shilingi 60,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 15, na marejesho ni sawasawa kila mwezi. Riba ya kiasi hicho si ya kubuni. Haiko mbali na ile iliyotozwa Tanzania katika miaka ya karibuni. Kila mwezi atalipa shilingi 839,752 hivi. Katika fedha za mwezi wa kwanza, shilingi 750,000 ni riba, na zile 89,752 tu ndizo zipunguzazo deni. Baada ya miaka 5 atakuwa amekwisha kutoa zaidi ya shilingi 50,000,000, na bado atadaiwa zaidi ya shilingi 52,000,000. Miaka 10 ikipita, yaani thuluthi mbili za muda wake, deni litakalobaki ni zaidi ya shilingi 35,000,000. Mwisho wa yote atakuwa ametoa shilingi 151,000,000 hivi kwa deni la 60,000,000.

Sasa mtu huyo akiongeza shilingi 100,000 kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, na nyongeza hiyo ikaondolewa katika deni lenyewe, atamaliza kwa miezi 129 badala ya 180. Atakuwa huru miaka 4 na miezi 3 kabla ya siku yake, na riba atakayoiokoa ni shilingi 30,000,000 hivi, hali nyongeza zake zote hazifiki 13,000,000. Ikiwa mkataba una tozo ya kulipa mapema, faida hiyo hupungua, lakini aghalabu haiondoki. Biashara za halali zinazoweza kumpa karani faida ya namna hii bila ya hatari ni chache mno. Na shilingi 100,000 kwa mwezi ni nini? Ni karibu shilingi 3,300 kwa siku. Haifiki bei ya nusu kilo ya nyama. Bandu bandu huisha gogo, husema watu, na hesabu hii yawapa haki.

Nampa mdeni huyu haki yake kamili kabla ya kumhoji, kwa sababu wako wanaomdharau bure. Husemwa kuwa ni mtu wa hofu, mpenda fedha, asiyejua kufurahi. Maneno haya husemwa na watu ambao hawajapata kuamka usiku wakakumbuka tarehe. Deni si hesabu tu; ni hali ya moyo. Maradhi ya mtu asiyedaiwa ni maradhi tu, lakini maradhi ya mdeni ni maradhi na mnada. Tena liko jambo kubwa kuliko riba, nalo ni ulimi. Mtumishi anayedaiwa nyumba yake hamwambii mkuu wake neno la haki kwa sauti ile ile ya mtu asiyedaiwa. Akiagizwa kutia sahihi hati asiyoiamini, hutazama kwanza kalenda. Akiletewa bahasha mlangoni, bahasha hiyo humkuta ana sababu ya kuipokea ambayo jirani yake hana. Basi yule anayeharakisha kulipa hununua, pamoja na kuta na mabati, uwezo wa kukataa, na uwezo huo hauwafai watu wa nyumbani kwake tu. Wafaa mji mzima. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa inywewayo mapema hushinda ile ya kungoja. Kama hoja ingeishia hapa, kalamu ningeiweka chini.

Lakini historia ya mikopo hii ina jambo ambalo wengi hawalitazamii. Mwaka 1775, katika mji wa Birmingham huko Uingereza, Richard Ketley, mwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Golden Cross, alianzisha chama kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha watu wa kujengeana nyumba. Wanachama walichanga fedha kila kipindi; fungu likitosha nyumba, mmoja wao aliipata, naye akaendelea kuchanga mpaka wote wapate, kisha chama kikavunjwa. Mwanamke ye yote wa Pwani akisikia habari hii hatahitaji mwalimu wa kumfasiria. Huo ni upatu. Naona ajabu kuwa wasomi wetu husafiri mbali kujifunza asili ya jambo ambalo mama zao wamelifanya uani miaka yote kwa vikombe na vitambaa. Katika karne ya 19 vyama vya namna ile viliachwa, vikaja vya kudumu, vilivyopokea akiba za watu wasiotaka nyumba na kuwakopesha watu wasiojuana nao. Ndipo mwia alipoacha kuwa jirani akawa ofisi.

Badiliko hilo lina maana kubwa kwa swali letu. Katika upatu, aharakishaye kutoa huiharakisha zamu ya mtu amjuaye kwa jina, na achelewaye humchelewesha mtu atakayekutana naye kisimani. Kujinyima kwake kuna mashahidi, na kuna mfurahi. Mdeni wa benki akiharakisha hakuna afurahiaye nje ya nyumba yake. Benki yenyewe hupungukiwa na riba. Haraka yake imekuwa jambo la paa moja, na kwa hiyo gharama ya haraka hiyo nayo yabaki yote chini ya paa hilo hilo. Huko ndani haigawanywi kwa haki ila kwa bahati njema.

Natuzifuate, basi, zile shilingi 3,300. Bwana wa nyumba hukaa na watu wake akasema, "Tubane matumizi." Mwanafunzi wa sarufi na alitazame vizuri neno hilo. Umbo lake ni la nafsi ya kwanza ya wingi, lakini kazi yake mara nyingi hufanywa na nafsi ya tatu ya umoja. Bwana amekwisha kubana kwa kusema. Mkewe sasa ndiye anayepaswa kuugeuza upungufu kuwa chakula. Nyama huwa dagaa, na dagaa nao hupunguzwa fungu. Mafuta hupimwa kwa kijiko. Nazi mbili huwa moja, na tui lake hukamuliwa mara ya tatu hata likawa maji yenye kumbukumbu ya nazi. Soko la karibu huachwa, likafuatwa la mbali ambako mchicha ni rahisi, na nauli ya daladala isiyotumika hulipwa na miguu. Nguo ya shule iliyopasuka hushonwa usiku. Haya yote ni kazi. Watu hudhani kuweka akiba ni kutofanya jambo, ni kuacha tu kununua. Kumbe kila kitu kisichonunuliwa lazima kifanywe na mtu, au kitafutwe na mtu, au kikoswe na mtu. Saa za mwanamke huyo haziandikwi po pote. Katika daftari ya benki zile shilingi 100,000 za mwezi zaonekana zimetoka mkononi mwa mumewe.

Chini ya mke kuna mwingine, naye ni msichana wa kazi. Nyumba ikibanwa, mshahara wake ndio wa kwanza kupunguzwa, au kucheleweshwa hadi mwezi ujao, kisha hadi sikukuu. Mshahara uliocheleweshwa ni mkopo usio na riba, uliotolewa na mtu maskini kuliko wote nyumbani, tena pasipo kuulizwa. Nimesikia watu waadilifu, watu wasioweza kula nazi ya jirani iliyoangukia uani mwao, wakieleza kwa furaha jinsi walivyolipa deni la benki kabla ya wakati, na wakati huo huo yaya wao alidai miezi miwili. Hawakuona mgongano wo wote. Deni moja lilikuwa na muhuri, la pili lilikuwa na sauti ndogo.

Na watoto? Hapa ndipo hesabu ya miezi 129 inaponitia shaka zaidi. Mtu mzima aliyejinyima miaka 10 na miezi 9 amekopa kwa nafsi yake, naye aweza kujirudishia uzeeni kwa kula vizuri na kupumzika barazani. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 4 baba yake alipoanza haraka yake, atakuwa na karibu miaka 15 itakapokwisha. Huo ni utoto mzima. Maziwa ambayo hakunywa hayanywewi baadaye. Safari ya kwenda kumwona bibi kijijini, iliyoahirishwa kila mwaka kwa ajili ya nauli, haiendeki tena bibi akiwa kaburini. Sisemi kuwa mtoto apewe kila alitakalo. Mtoto aliyekosa mchezo wa dukani akajitengenezea gari la makopo hakupungukiwa na kitu, pengine alizidishiwa. Nasema tu kuwa viko vitu vya utotoni vyenye wakati wake, na mzazi anayevitumia kulipia riba hulipa kwa sarafu isiyochapishwa tena.

Nje ya paa wako wadai wengine. Aghalabu mtu aliyeajiriwa hata akapata kukopeshwa na benki hakufika hapo peke yake. Ada yake ya shule ilitoka katika mbuzi wa mjomba au kahawa ya shangazi, na dada yake aliacha masomo ili yeye aendelee. Hawa hawakuandika mkataba wala hawana dalali wa mnada. Wana kimya chao tu, na siku za shida wana barua fupi, au siku hizi ujumbe wa simu, unaoanza kwa salamu ndefu. Mwekevu wetu husema, "Nikimaliza nyumba nitawakumbuka." Mimi naona hapa kuna kosa la mizani. Benki haijamdai fedha za mwaka wa kumi. Ana ruhusa ya kuzilipa mwaka wa kumi. Mjomba anayeumwa leo haki yake imekwisha kufika. Kumlipa mapema mwia ambaye zamu yake haijafika, kwa kumchelewesha yule ambaye zamu yake imepita, si uaminifu katika madeni. Ni kuwachagua wadai kwa nguvu zao. Atakayenipiga namlipa kwanza, na atakayenisamehe namlipa mwisho.

Nakiri kuwa ndugu nao waweza kumla mtu. Wako wanaofika kila mwisho wa mwezi kama kodi, wala hawana mgonjwa wala karo, wana njaa ya kuzoea. Hata mithali yetu imempa mgeni siku mbili, na siku ya tatu ikamkabidhi jembe. Kwa hiyo siwatetei wote. Natofautisha haki na matakwa, na kazi hiyo ya kutofautisha haiwezi kufanywa na mtu aliyekwisha kuamua kuwa kila ombi ni adui wa nyumba yake. Deni lililozidi kupendwa lina ubaya huu: humpa mwenyewe sababu moja ya kujibu kila mtu, asihitaji tena kuwasikiliza.

Liko pingamizi la upande mwingine, la watu wa uchumi, nalo ni zito. Husema kuwa anayeharakisha deni huweza kuwa mjinga, si mwema. Wakumbusha Benki ya Nyumba ya Tanzania, iliyofanya kazi tangu miaka ya 1970 mpaka ikafungwa mwaka 1995. Katikati ya miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda Tanzania kwa karibu asilimia 30 kila mwaka. Mtu aliyekuwa na deni la riba ndogo kuliko kupanda huko kwa bei, kila alipochelewa deni lake lilipungua uzito, na mwenzake aliyebana tumbo ili alipe mapema alilipa kwa shilingi nzito deni ambalo wengine walilimaliza kwa shilingi nyepesi. Uwekevu ulimwadhibu mwenye nao. Leo mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2018 kupanda kwa bei kumekuwa chini ya asilimia 5 kwa mwaka, na riba ya asilimia 15 juu ya hiyo ni mzigo wa kweli. Lakini funzo labaki. Mtu hawezi kujua kwa hakika kama kujinyima kwake kutalipwa, maana thamani ya shilingi haikai mkononi mwake. Na ikiwa yeye mwenyewe hawezi kujua, basi anapowanyima wengine anawacheza kamari kwa karata zao. Mtu ana ruhusa ya kuthubutu kwa chakula chake mwenyewe. Ruhusa hiyo huwa nyembamba sana afikiapo sahani ya mwingine.

Katika Unguja na Pemba ya zamani kulikuwa na desturi ya bei ya khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu aliyetaka fedha "aliliuza" shamba lake kwa mkopeshaji, kwa sharti kuwa aweza kulinunua tena katika muda uliowekwa, na wakati huo akabaki humo akilipa kodi. Kwa jina haikuwa riba. Kwa uzito ilikuwa riba. Bei ya karafuu ilipoanguka baada ya mwaka 1929, mashamba mengi yalikuwa yamefungika namna hiyo, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kuzuia ardhi isihame na madeni yasidaiwe kwa muda. Jambo ninalolikumbuka zaidi katika mambo hayo ni mahubiri yaliyoyafuata. Wenye mashamba waliambiwa kuwa waliponzwa na israfu, na harusi, na sikukuu, na ukarimu usio na kiasi. Huenda wengine ndivyo. Lakini harusi haikuangusha bei ya karafuu katika masoko ya dunia. Tangu Benjamin Franklin aandike juu ya njia ya utajiri mwaka 1758, na Samuel Smiles atoe kitabu kizima juu ya uwekevu mwaka 1875, mahubiri ya namna hii yamekuwa na tabia moja: huteremka. Sijapata kusikia mpishi akimhubiria tajiri wake kuwa aache kahawa ya pili ili deni la nyumba lipungue.

Aristotle alifundisha kuwa ukarimu hukaa katikati ya ubadhirifu na ubahili, na dini zetu hapa Pwani zimetufunza vivyo hivyo juu ya mkono uliofungwa na mkono uliokunjuliwa mno. Mafakihi wa Kiislamu walihitilafiana hata juu ya mdeni anayemwambia mwia wake, "Nipunguzie, nami nikulipe kabla ya siku". Wengi walikataa iwe sharti, wengine wakaruhusu. Nawaheshimu wote hao. Ila naona kipimo cha katikati kimeundwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Chapima mkono wa mtoaji. Hakipimi kinywa cha mnyimwaji. Nyumba ambayo bwana hanywi bia, wala havuti, wala hanunui shati, yaweza kuwa katikati kabisa kwa kipimo hicho, na bado mmoja ndani yake akawa analala na njaa kwa ajili ya nia asiyoichagua.

Kwa hiyo kipimo changu ni kingine. Sitazami kwanza ni kiasi gani kimebanwa, natazama azimio lilipatikanaje. Watu wa nyumba moja wakiwekewa hesabu mezani, zile 839,752 na zile 100,000, na miezi 129, na shilingi 30,000,000, wakaelezwa kila mmoja atakosa nini na kwa muda gani, kisha wakasema ndiyo, basi hata dagaa wa kila siku huliwa kwa heshima. Nimeona nyumba za namna hiyo. Watoto wao huhesabu miezi kama wanavyohesabu siku za Ramadhani, na kujinyima kwao kuna uchangamfu. Pasipo hesabu mezani, shilingi ile ile huliwa kwa uchungu, na huibwa pia: mke huanza kuficha chenji, mtoto huanza kusema uongo juu ya daftari, na bwana huanza kupima unga. Wala haitoshi kuulizwa. Aliyeulizwa lazima awe na uwezo wa kusema la, na mtoto wa miaka 4 hana uwezo huo; kwa sababu hiyo sehemu yake haiingii katika mazungumzo, hutengwa kwanza kama ushuru kabla ya kubana cho chote. Mshahara wa msichana wa kazi nao hutengwa hivyo hivyo. Baada ya hapo, kinachobaki kubanwa ni cha watu wazima, na ndipo pengine zile shilingi 100,000 hazitafika. Zitakuwa 40,000. Deni litakwisha mapema kidogo tu, na bwana atasikitika, na masikitiko hayo ni bei ya haki.

Sheria ya Tanzania imeligusa jambo hili kwa upande mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume kuitoa nyumba ya ndoa au kuiweka rehani pasipo ridhaa ya mkewe. Ni sheria njema. Lakini ridhaa hiyo hutakiwa siku ya kuifunga nyumba. Hakuna sheria iliyomtaka mume aombe ridhaa siku ya kuazimia kuifungua haraka kwa chumvi ya jiko lake. Pengo hilo sheria haiwezi kuliziba yote, maana hakimu hakai jikoni. Hata hivyo, mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuipata mali ya ndoa, ingawa mwanamke mwenyewe hakushinda rufaa yake. Kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika. Wako walioona kuwa kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, si fedha.

Naitazama hukumu hiyo pamoja na siku ambayo mdeni wetu ataitwa benki arudishiwe hati yake. Atavaa kanzu mpya au suti, atatia sahihi mahali pawili, na ofisa atampa mkono. Karatasi atakayokwenda nayo nyumbani yaelekea itakuwa na jina moja tu. Yule aliyetembea mpaka soko la mbali kwa miaka 10 na miezi 9 ataipokea mlangoni, ataisoma kama anajua kusoma, kisha ataiweka kabatini chini ya nguo ambako maji ya mvua hayafiki. Kuongeza jina la pili katika hati ni shughuli ya fomu chache na ada kidogo katika ofisi ya ardhi. Bwana aliyekuwa na haraka kubwa ya kuilipa benki ana mahali pengine pa kuonyesha haraka yake juma hilo hilo.